Maini ya Mwenyekiti

Mwaka ule mvua ilituma salamu tu, yenyewe haikufika. Majani yakaisha, mto ukabaki mchanga, na Afisa Elimu wa Wilaya ya Nyikani, mzee Pundamilia, akafungasha akafuata maji bila hata kukabidhi ofisi. Shule kumi na moja zikabaki hazina mkubwa. Mheshimiwa Simba, mwenyekiti wa kamati ya elimu, ambaye darasani hakuwahi kukanyaga ila siku za kukata utepe, akatangaza nafasi.

Katibu wa kamati alikuwa Bi Sungura. Yeye ndiye aliyefungua barua za maombi, na zilikuwa mbili tu. Ya Mwalimu Kobe ilikuwa na ukurasa mmoja: amefundisha miaka thelathini. Ya Fisi ilikuwa na kurasa arobaini na picha ya rangi. Fisi alijiita Daktari. Aliandika kwamba siku hizi hali nyama, na kwamba mpango wake wa kwanza ni kuwaweka wanafunzi wote wadogo katika bweni moja, jirani na nyumba yake, apate kuwalea mwenyewe.

Sungura aliisoma mara mbili. Wanawe saba walikuwa darasa la kwanza.

"Mheshimiwa," alimwambia Simba, "huyu anataka kuwala watoto."

"Bi Sungura, tusimhukumu mtu kwa ukoo wake. Umeiona tai aliyovaa pichani?"

"Nimeiona."

"Basi!"

Siku ya usaili Kobe aliulizwa kwa nini amechelewa. Akajibu kwamba yeye alifika jana, iliyochelewa ni kamati. Akaandikiwa hana nidhamu. Fisi akaulizwa maono yake.

"Kwangu mimi, mtoto kwanza," alisema Fisi. "Mambo mengine baadaye."

Nyumbu, mwakilishi wa wazazi, akapiga makofi, halafu ndipo akamuuliza jirani yake kimesemwa nini. Fisi akapata alama tisini na mbili. Kilichobaki ni kumtangaza na kula.

Kwa desturi ya kamati ile, chakula hupakuliwa kabla ya hotuba ya kufunga. Sahani ya mwenyekiti, yenye maini, hutangulia mezani, na hakuna anayegusa kitu mpaka mwenyekiti amalize kusema. Mpangaji wa viti ni katibu. Sungura akamketisha Fisi ubavuni mwa sahani hiyo, akafunua kawa, mvuke ukapanda.

"Mheshimiwa," alisema kwa adabu zote, "kabla hujamtangaza Daktari, tuachie japo maneno mawili ya historia yako katika elimu."

"Sitawachosha," alisema Simba.

Akaanza na babu yake. Saa nzima ikapita, babu hajafa. Fisi alitazama dari. Akameza mate, akajiuma mdomo, udenda ukamlowesha tai.

"Kaka, hujisikii vizuri?" Sungura alimnong'oneza.

"Niko sawa, dada. Harufu tu hii inanikera. Mimi mla majani."

"Pole jamani. Nikuondolee sahani?"

"Iache!"

Simba alifika kwa bibi yake, akafumba macho kwa uchungu wa kumkumbuka. Pakasikika mlio mmoja wa kumeza. Alipoyafumbua, sahani ilikuwa nyeupe, na Fisi alikuwa akiilamba ukingoni.

"Maini yangu," alisema Simba taratibu.

"Mheshimiwa, nilikuwa nayaonja tu, usije ukadhu—"

"Yangu!"

Fisi aliruka nje kupitia dirishani, tai ikanasa kwenye bawaba, akaiacha. Nyumbu akapiga makofi tena. Kamati ikakubaliana kwa kauli moja kwamba mwombaji yule ni hatari kwa wilaya, jambo ambalo kila mjumbe aliapa alilijua tangu mwanzo. Bweni likafutwa. Kobe akapewa kazi, kwa kuwa hakubaki mwingine.

"Bi Sungura, weka kwenye kumbukumbu sababu ya kumkataa Fisi."

"Niandike alitaka kuwala watoto?"

"Watoto gani?" Simba alishangaa. "Andika maini."

Sungura akaandika maini, kisha akaenda shuleni kuwachukua wanawe. Nawe msomaji, ukiwa na mtoto katika wilaya ya namna hiyo, omba sana mlafi aanzie kwenye sahani ya mwenyekiti.