Waliokubali Kungoja

Mtu mmoja alikuwa na mizani, na kijiji kizima kiliiamini. Jina lake Kastory Ndunguru, mpimaji kwenye ghala la kahawa, huko kusini milimani. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkulima aliyesema kwamba Kastory amempunja, wala aliyejisifu kwamba amependelewa. Hakuwa msemaji. Alichoamini ni kile ilichoonyesha sindano ya mizani. Kisichoweza kuisogeza sindano, kwake hakikuwepo.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, na asubuhi ya siku ya kumi kilima kiliporomoka juu ya kitongoji cha chini. Watu thelathini na wanne walifukiwa. Msaada ukaja: unga, mablanketi, mabati. Walionusurika wakajengewa nyumba ng'ambo ya mto. Walikula, walivaa, walikuwa na paa juu ya vichwa vyao, na bado wengi wao walikuwa kama watu waliosahauliwa kuzikwa. Otmar Kinunda, aliyefukua udongo kwa mikono mitupu mpaka akamfikia mkewe, akamkuta amekwisha kufa, hakukubali tena kuingia ndani ya kuta nne. Alikaa kwenye kibanda cha nyasi kisicho na kuta, mvua ikimpiga ubavuni, na nyumba yake mpya imefungwa nyuma yake. Na mtoto Eusebia, wa miaka minane, tangu siku ile hakutamka neno. Tone la kwanza likigonga bati, aliingia uvunguni mwa kitanda, na bibi yake alimbembeleza hadi sauti ikamkauka. Watu walisema muda utaponya. Wengine walisema waombe zaidi. Mwaka ukaisha.

Ndipo akaja mama mmoja, Dokta Mwalongo, kutoka chuo cha mbali. Alikuja na wanasihi watatu, watu waliofundishwa kukaa na mwenye uchungu, kumsikiliza, na kumshika mkono taratibu mpaka aweze kuyatazama yale anayoyakimbia. Aliitisha mkutano, na hakuwadanganya. Alisema tiba yao ni mazungumzo, na kwa watoto ni mazungumzo na michezo. Alisema kuna mahali ilipowafaa watu, lakini yeye hajui kama itawafaa walioangukiwa na kilima. Ili ijulikane, wataandikwa watu sitini, wakubwa na watoto, kwa hiari yao. Itapigwa kura ya vikaratasi. Thelathini wataanza sasa, na thelathini watangoja miezi mitano, kisha nao watapata. Asiyetaka, hakuna atakayemlaumu.

Kisha akaenda ghalani kwa Kastory. Alihitaji mtu wa kuwauliza wale sitini maswali yaleyale mara mbili, mwanzoni na baada ya miezi mitano, na kuandika majibu bila kujua nani amesikilizwa na nani anangoja.

"Dokta, mimi napima kahawa," Kastory alisema. "Maneno hayana uzito. Mtu hawezi kuponywa kwa kupiga soga."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta, baba. Ukikuta hayana uzito, andika hayana. Nitawasomea watu hivyohivyo."

Kastory hakuwa amewahi kukutana na mfanyabiashara aliyemwambia mpimaji maneno kama hayo. Akakubali.

Siku ya kura alikaa mbali. Kila mtu aliagizwa asimwambie ameangukia upande gani. Akapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Wiki hii umelala usingizi siku ngapi? Umekula? Umewahi kutamani usiwepo? Watu wazima walijibu kwa namba. Watoto aliwaonyesha kadi yenye nyuso tano, kuanzia inayocheka hadi inayolia, nao wakagusa. Eusebia aligusa inayolia kwa kila swali, hata kabla swali halijaisha. Otmar alijibu yote akiwa ameupa mlima mgongo. Kastory aliandika, akarudi nyumbani, akazisoma upya karatasi zote. Alikuwa ameishi na watu hawa maisha yake yote, na hakuwa amewahi kuwauliza.

Miezi mitano ikapita. Akapita tena. Nyumba ya kwanza hakuona kitu kipya. Ya pili pia. Ya tatu, mwanamke aliyekuwa hali chakula mchana kutwa alimfungulia mlango huku akitafuna muhogo, akamwomba radhi kwa kujaza mdomo. Kisha kijana mmoja, hali yake ileile. Kisha mzee aliyekuwa halali, sasa analala. Kastory hakujua ni nani wa upande gani, naye alijikataza kubahatisha. Akafika kwa bibi yake Eusebia. Akatoa kadi ya nyuso, akauliza kama ilivyoandikwa: "Mvua ikinyesha, unakuwaje?" Akangoja kidole.

Mtoto hakunyoosha kidole. Alisema, "Nakinga maji. Bibi ananipa ndoo."

Bibi alikuwa mlangoni. Aliishika fremu kama mtu anayeona nchi inatikisika. Yalikuwa yamepita majuma sita tangu sauti ile irudi, naye bado alikuwa hajaizoea. Kastory aliinamisha uso juu ya karatasi, kwa sababu mpimaji hapaswi kushangilia mbele ya kinachopimwa. Aliandika jibu, mwandiko ukapinda. Alijaribu kukumbuka kitu chochote alichowahi kukipima ambacho kilikuwa kizito kama ndoo ile ya maji ya mvua, asikumbuke.

Lakini alipofika kwa Otmar alimkuta amedhoofika zaidi ya mwanzo. Namba zake zote zilikuwa zimeshuka. Alipoulizwa kama amewahi kutamani asiwepo, alijibu ndiyo. Kwa jibu kama hilo Kastory alikuwa ameagizwa asingoje chochote, atoe taarifa mara moja; basi jioni ileile mnasihi mmoja alifika kibandani, akakaa naye.

Juma lililofuata bahasha iliyoficha majina ya kila upande ilifunguliwa mbele ya wote, na Dokta Mwalongo akasoma. Kati ya thelathini waliosikilizwa, kumi na tisa walikuwa wamepata nafuu iliyo wazi. Kati ya thelathini waliongoja, sita. Watu wakaanza kupiga vigelegele, lakini yeye akainua mkono, maana hakuwa amemaliza. Akasema muda nao huponya, ila wachache, na hao sita ni ushahidi. Akasema wapo kumi na mmoja waliosikilizwa wasipone, na mmoja wao alilalamika kwamba kukumbuka kulimwongezea maumivu. Akasema kwa watoto tofauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotumaini, ingawa ilikuwepo. Yote hayo aliyaandika. Kastory, aliyekaa nyuma, alikuwa amekuja kuona kama maneno yana uzito. Hakutegemea kuwaona watu wanaoipenda dawa yao namna ile, na bado wanakataa kuikandamiza mizani iwapendelee.

Kisha majina yakasomwa. Eusebia alikuwa upande wa waliosikilizwa, na Otmar upande wa waliongoja.

Kastory alisimama. Hasira ilimjaa, yeye asiyepandisha sauti. "Mlijua amekaa mvuani, mkamwacha miezi mitano!"

"Hatukujua kama tiba hii itamsaidia au itamuumiza," dokta alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa tunajua. Kesho anaanza. Na hilo la kumwacha nitalibeba, baba, sitakuficha."

Otmar mwenyewe alikuwa pembeni, kwenye uwazi, maana hata kwenye jengo la mkutano hakuingia. Alisema bila kugeuka:

"Mwache, Kastory. Siku ile ya udongo sikujua pa kuchimba. Nilichimba huku, nikachimba kule, na mke wangu alikuwa hatua nne tu kutoka hapo. Nilipopata karatasi ya kungoja, nilisema moyoni: kama kungoja kwangu kutamwonyesha mwingine pa kuchimba, nitangoja."

Hakuna aliyepiga vigelegele tena. Wanaume walivua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue.

Otmar alianza kesho yake. Haikuwa rahisi. Mara mbili alimfukuza mnasihi, na mara mbili akamwita arudi. Juma la tisa alifungua mlango wa nyumba yake akasimama kizingitini. Juma la kumi na moja aliingia, akafagia. Hakuwa mtu asiye na huzuni. Alikuwa mtu mwenye huzuni anayelala ndani ya nyumba yake.

Mwaka wa tatu kilima kingine kiliporomoka, mwendo wa siku mbili kutoka pale, kwa watu wasiomjua Otmar wala Eusebia. Safari hii haikupigwa kura. Udongo ulipotulia na wafu wakazikwa, wanasihi waliingia nyumba zote kwa pamoja, wakijua la kufanya, na wakijua pia ni nani wa kumwendea kwa tahadhari. Mwanamke mmoja huko, aliyempoteza mwanawe, alikaa na mnasihi mchana mzima, akalia, akasema, akasikilizwa. Jioni akawashukuru waliokuwa mbele yake. Hakujua kwamba kuna wengine wa kushukuru.

Nanyi mnaonisikiliza, mliowahi kuponywa bila kungoja: je, mnayajua majina ya waliongoja kwa ajili yenu?