Kupaza Bega-la-Chuma na Reli ya Ras Mkungu

Tulieni, wana wa Ras Mkungu, nanyi wageni mnaongoja treni, ili habari hii ipite kwa mpangilio wake, la kwanza likitangulia na la mwisho likifuata.

Katika zama za wazee wetu, mkonge ulipokuwa bado mfalme wa nyika hii na katani ikishuka gatini kwa garimoshi dogo jeusi, alizaliwa kambini Kupaza mwana wa Semhando mwana wa Mntangi, Bega-la-Chuma, Mla-Jua, ambaye babu yake aliyachonga mataruma ya kwanza na baba yake akazipigilia reli juu yake. Reli moja iliyowatoa jasho wanaume sita, yeye aliibeba peke yake akiimba, wala hakuitua kabla wimbo haujaisha.

Kisha ikaja kamba ya nailoni. Mkonge ukaanguka, kambi zikaanza kuhamwa, na mwenye shamba akatangaza kwamba ikifika Idd Kubwa lori litakuja na wakata vyuma, kichwa cha treni kikatwe vipande na reli zing'olewe zote. Kupaza alilisikia neno hilo kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe, kwa maana hakuwa na urithi mwingine duniani ila njia ile. Akaenda kwa mwenye shamba, akatamka:

"Kilichobeba katani kitabeba watu. Siku ya Idd treni ikiwafikisha wageni Rasi, wanakoogelea, iache iishi. Isipofika, nitaipakia lorini kwa bega langu hili."

Mwenye shamba akaridhia. Lakini baina ya gati na Rasi hapakuwa na reli hata pima moja.

Tarehe ishirini na mbili ya Mfunguo Pili, Mla-Jua na watu arobaini wa kambini walianza kuzihamisha reli za mashamba yaliyokufa, na siku ya nne wakawa wamezilaza kwenye mchanga mweupe, mgumu, ulionyooka kama mkeka chini ya miti ya mikadi. Siku hizo zilikuwa za maji mafu, bahari inapopanda kidogo na kushuka kidogo, nao watu wa nyika, waliojua kusoma mvua na moto tu, wakadhani huo ndio mpaka wake wa daima.

Wakapita wanawake wachokoaji wa chaza, vikapu kichwani, mbele yao Bi Mwatime, mjuzi wa pwani ile yote.

"Baba Kupaza," akasema, "mbona mmelaza vyuma kitandani mwa mtu?"

"Mtu gani, mama?"

"Mwenyewe katoka tu. Atarudi."

Wenzake wakaangua kicheko. Kupaza, ambaye hakuwahi kuchekwa akiwa na reli begani, akajibu: "Nimeishinda nyika, sembuse maji yasiyonifika gotini!"

"Haya, mwanangu. Bamvua likija gotini, lisalimie."

Mwezi wa Mfunguo Tatu ukaandama, na siku ya pili yake bamvua, bahari inapopanda kupita siku zote, likajaa. Lilikuja bila kishindo, likapanda hadi kwenye mizizi ya mikadi, likakaa kidogo, likarudi. Na liliporudi mchanga uliondoka nalo, mataruma yakaelea, na reli zikabaki zimejikunja kama mbavu za nyangumi. Zilisalia siku nane kufika Idd.

Watu wa kambini walimtazama Kupaza wakingoja hasira. Hakukasirika. Alivua kofia, akatembea hadi walipokuwa wachokoaji, akaketi mchangani chini yao, jambo ambalo mtu wa kabila lake halifanyi mbele ya mwanamke asiye mama yake, akasema: "Mama, nionyeshe kinapoishia kitanda chake."

Bi Mwatime hakumcheka tena. Aliinuka na wenzake, wakatembea toka gati hadi Rasi upande wa juu wa mikadi, kila mmoja akikumbuka bamvua la mwaka gani lilifika wapi, na penye kumbukumbu wakaweka kombe la chaza. Nyuma yao wakaja wanaume na mataruma. Ndiyo sababu, enyi wageni, njia yetu inapinda pasipo mlima wala mto. Mnapita juu ya nyayo zao.

Siku ya Idd lori lilifika likaikuta treni inapuliza mvuke, mabehewa ya katani yamefungwa viti, na Bi Mwatime ameketi mbele.

"Usikohoe, Baba Kupaza," akasema, "garimoshi litapinduka!"

Treni ikafika Rasi. Wakata vyuma walikuwa ndani yake, wanapunga mikono.

Miaka mingi baadaye, Bi Mwatime akiwa kaburini na Bega-la-Chuma akiwa na mvi, likaja bamvua kubwa kupita yote. Asubuhi hiyo Kupaza aliichukua mitaimbo yake miwili, akaikagua njia kama kawaida, wala hakurejea. Mtaimbo mmoja ulikutwa umesimikwa kando ya reli, penye kombe la mwisho. Wapo wasemao bahari ilimchukua, na wapo wasemao alirudi nyikani. Sisi tunasema lililoonekana tu, kwamba maji yaliugusa mtaimbo ule yakaishia hapo.

Tangu hapo dereva husimama penye mtaimbo, huvua kofia, huuliza: "Mama, mwenyewe yuko wapi?" Na mwanamke wa ukoo wa Bi Mwatime, akiwa na kikapu chake, hujibu: "Katoka. Piteni."

Asipojibiwa, treni haiendi.