Mvua Haisomi Ramani

Mvua haisomi ramani. Mmemsikia fundi akimwambia mwenye nyumba, mkacheka, sasa mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni. Asili yake naijua kwa kuwa nilikuwepo.

Ule ukumbi wa mji, wenye paa bapa la zege na kuta za matofali ya matundu, niliufagia miaka kumi na tisa. Ulijengwa mwanzo mwanzo wa uhuru, na wasomi husema majengo ya namna ile ni fahari ya pwani yetu. Mwanangu Hemedi, aliyesomea uchoraji wa majengo, aliupenda kuliko wote. Basi yakazuka maneno kwamba utabomolewa. Vijana wakaandaa jioni ya mazungumzo humo humo ndani, wakubwa wa mji waje waone. Hemedi akapewa nafasi ya mwisho.

Utaratibu wao ulikuwa wa mbio. Kila msemaji picha ishirini, kila picha sekunde ishirini, zinajibadilisha zenyewe. Hakuna kusimamisha, hakuna kurudia. Hemedi alikariri wiki nzima, hata tonge mkononi.

Asubuhi ya siku ile nilimkuta juu ya paa anaziba kwa saruji midomo ya kutolea maji.

"Hemedi, unafanya nini?"

"Haimo kwenye ramani ya mwanzo, mama. Inaharibu sura ya ukuta. Nataka wauone kama ulivyochorwa."

"Baba yako ndiye..."

"Mama, nakuomba. Leo tu."

Nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, na Mungu analijua.

Ilikuwa masika. Mvua ilianza msemaji wa pili akiwa mbele, ikazidi. Zamu ya Hemedi ilipofika, mimi nilikuwa nyuma na ufagio wangu, macho juu. Picha ya tano, nikaona doa kwenye dari ya ubao iliyo chini ya zege, juu ya vichwa vya wakubwa. Picha ya nane, dari imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikimkatiza, ukumbi umekwenda na jina lake pia. Nikinyamaza tena, je?

Picha ya kumi na moja nikasema Bismillahi, nikaenda mbele.

Binti mshereheshaji akanizuia. "Bibi, rudi ukae. Bado picha tisa, dakika tatu tu."

"Dari haina dakika tatu. Safu za mbele, tokeni!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Loo! Mfagiaji naye kaja na picha zake!"

"Mama, unaniaibisha," Hemedi akasema.

"Tazama juu."

Akatazama. Picha mbili zikapita, yeye macho darini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kwenye ramani..."

"Mvua haisomi ramani, mwanangu. Midomo ile aliitoboa marehemu baba yako, masika ya kwanza, maji yalipowafika mafundi magotini kule juu. Hakuna aliyeichora."

Hemedi akaacha kipaza sauti kikaanguka. Akamshika mkubwa wa kwanza mkono, akamvuta. Wengine wakafuata wakisukumana. Mzee wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ametoka, kiatu kimoja amekiacha, dari ilipoporomoka na maji yake, viti vikavunjika. Mtu hakuumia, alhamdulillahi. Picha ziliendelea kupita zenyewe hadi ya ishirini: ukuta kama ulivyochorwa, hauna hata mdomo mmoja.

Hemedi alipanda paani na mtaimbo mvua ikimpiga, akaizibua midomo yote sita. Wakubwa walisimama barazani wakitazama maji yakiruka mbali na ukuta. Mmoja akamuuliza aliposhuka, "Na mengine ambayo hayakuchorwa, nani anayajua?"

Akaninyooshea kidole mimi.

Wiki iliyofuata nilimtembeza Hemedi ukumbi mzima, tundu kwa tundu, naye akichora. Kwa ramani ile ukumbi ulitengenezwa, haukubomolewa. Pembeni yake ameandika jina la baba yake, fundi Sechambo. Neno lenyewe lilienezwa na wale wale waliocheka.

Mkienda chuoni kesho, mkapita pale ukumbini, kukinyesha, tazameni juu mhesabu midomo. Mvua haisomi ramani.