Reli ya Mashua ya Bwanaheri

Kipimo cha mwenzio hakikufikishi joshi. Methali hiyo mmeisikia leo, mkacheka, sasa mwauliza imetoka wapi. Ilizaliwa hivi.

Mwanamize alikuwa mshona matanga, zama ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mdogo wake Bwanaheri alipounda mashua ya mashindano, Mwanamize alimshonea tanga la mbele siku arubaini, macho yakimwasha. Bwanaheri akaahidi: "Siku ya mashindano nitawatangazia manahodha wote nani kalishona." Mwanamize hakutaka zaidi ya hilo. Wakijua, wangemletea kazi.

Ikabaki reli, kile chuma cha sitahani kinachopitisha kamba ya tanga. Bwanaheri akaenda kwenye mashua ya Lali, bingwa wa miaka mitatu, akapima kwa shibiri reli yake iko umbali gani kutoka mlingotini, akarudi na keekee ya kutobolea.

"Ngoja kwanza," Mwanamize akasema. "Pembe ya tanga langu, pale inapofungwa kamba, iko juu kuliko ya Lali. Reli yataka kurudi nyuma. Shikiza kwa kamba tu, tukajaribu majini, ndipo utoboe."

"Dada, wewe na bahari wapi na wapi? Juzi ulitapika hata nanga hatujang'oa!"

"Nimetapika, ndiyo. Lakini tanga nalijua mshono kwa mshono."

"Na Lali ajua kushinda."

Akatoboa matundu manane.

Siku ya mashindano, kwa upepo wa nyuma, mashua iliruka. Ilipogeuka kwenda joshi, upande utokako upepo, tanga likafura tumbo chini na kujibana nyuma. Mashua ikaenda ubavu kama kaa. Mashua sita zikampita Bwanaheri. Akafika wa mwisho, pwani nzima ikizomea.

"Kulikoni, Bwanaheri?" manahodha wakamuuliza.

Mwanamize alisimama karibu, akimtazama mdomo.

"Tanga hilo," Bwanaheri akasema. "Kalishona dada yangu. Kosa langu kumwamini."

Ahadi aliitimiza: alimtangaza.

Tangu hapo hapana aliyemletea Mwanamize hata kiraka. Mwaka wa pili Bwanaheri alirudisha reli nyuma shibiri mbili, kimya kimya, akashinda kwa tanga lile lile. Watu wakamsifu yeye kuwa ndiye fundi. Siku tatu baadaye akaja na kitambaa kipya.

"Dada, nishonee jingine."

Mwanamize alikuwa akishona magunia ya mkaa. Hakuinua macho.

"Uliposhindwa, tanga lilikuwa langu. Uliposhinda, limekuwa lako. Chukua kitambaa chako, ndugu yangu. Nikuachie neno tu, ukawafunze wanao: kipimo cha mwenzio hakikufikishi joshi."