Filimbi ya Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na redio kama sisi, aliishi Pimbi, mama wa watoto wanne, aliyewashinda hata ndege kwa kuimba.

Mkubwa wa redio alikuwa Kiboko. Huyu aliuziba mto kwa magogo ili apate bwawa la kuogea peke yake. Huku chini, kwenye majabali ya kina Pimbi, ukabaki mchanga mtupu. Watoto walilamba umande asubuhi, na yule mdogo hata kulia alikuwa ameacha.

Pimbi akatunga wimbo, akaupeleka redioni.

Studioni alikuwepo Kifaru, mkaguzi wa nyimbo. Alikaa kando ya mwimbaji, na kila lilipokuja neno asilolitaka, alilifunika kwa filimbi.

Pimbi akaimba, "Kiboko, fungua mto, wanangu wana kiu." Hewani ikasikika, "Pii, pii pii, wanangu wana pii."

"Wimbo wako umechezwa," Kifaru akamwambia. "Nenda salama."

"Mzee, kilichochezwa ni filimbi."

"Basi tunga wenye maadili."

Pimbi akarudi nyumbani mikono mitupu. Midomo ya mwanawe mdogo ilikuwa imepasuka. Akaketi jabalini, akatunga mwingine, na safari hii hakumtaja mtu.

Kesho yake akamwimbia Kifaru kwanza, taratibu:

"Nani kauziba mto? Magugu.
Nani kanenepa kwa maji yetu? Magugu.
Twende tukamng'oe nani? Magugu."

"Huu hauna neno," Kifaru akasema. "Magugu ni magugu."

"Ahsante, mzee." Pimbi akauangalia mlango wa ofisi ya Kiboko, akashusha sauti. "Ila nakuomba, hilo neno usilifikirie sana. Wakikuuliza, sema mimi nimekusudia magugu. Magugu yale ya kawaida."

Kifaru akatikisa masikio. Asiye na hila huwa haombi hivyo. Akaingia kwa Kiboko, akamweleza.

"Magugu?" Kiboko akauliza. "Yanayoota majini? Manene?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Lifunike hilo neno. Kila linapokuja."

Pimbi akainamisha kichwa kama aliyeonewa, kisha akaimba.

"Nani kauziba mto?"

Pii.

"Nani kanenepa kwa maji yetu?"

Pii.

Bonde zima likatega sikio. Ngiri aliyekuwa akipepeta mtama akasimamisha ungo. Mtoto wake akasema, "Mama, hapo ni Kiboko." Mama akamziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka, na nyumba ya pili walikuwa wamelisema pia. Hata kabla jua halijafika utosini, kila redio ilipolia pii, bonde likaitika, "Kiboko."

Pimbi akaitwa.

"Umenitukana," Kiboko akasema.

"Sikukutaja, bwana. Mimi niliimba magugu. Mzee Kifaru ni shahidi."

Kiboko akamtazama Kifaru, kisha akamgeukia Pimbi.

"Basi uimbe tena, bila filimbi. Wote wasikie kwamba ni magugu."

Pimbi akauimba, akilitamka neno silabi moja moja. Wasikilizaji wakatazamana. "Maskini, wamemlazimisha," Ngiri akasema. Wakaendelea kuitika vilevile, sasa wakitembea: Tembo mbele, Nyumbu na Ngiri nyuma, wakiufuata mkondo mkavu kwenda bwawani.

"Twende tukamng'oe nani?" wakaimba njiani.

Kiboko, aliyekuwa amerudi bwawani, aliwasikia kabla hajawaona. Akatoka mbio, akasimama mbele yao akitweta.

"Ndugu zangu, kilichoziba mto ni magugu. Magugu tu."

"Basi yang'oe tuyaone," Tembo akamwambia.

Magugu hayakuwepo. Kiboko akaingia majini, akashika gogo la kwanza, akalivuta. Akalivuta la pili. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyemtukana. Wote walisimama ukingoni wakitazama hadi gogo la mwisho likaachia, na maji yakashuka, shwaa, kuelekea majabalini.

Pimbi alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Alimwinua yule mdogo, akamshusha kwenye maji, akamshikilia shingo asinywe kwa pupa.

Ndiyo maana wahenga wetu husema: anayeficha neno lisilo na kosa, huwaonyesha watu kosa lake lilipo.