Zimwi Lisilo na Macho

Sogeeni karibu, lakini fungeni mlango kwanza. Ngano hii haitaki mlango wazi.

Huko Shirazi alikuwapo fundi Kamrani, mchoraji wa vitabu vya mashairi. Mafundi wa huko walikuwa na mwiko mmoja: zimwi halitiwi macho mpaka shujaa wa kuliua awe amechorwa mbele yake, upanga mkononi.

Siku moja Sultani akaingia karakanani. Akaona zimwi jekundu limejaa ukurasa, na mbele yake pengo jeupe.

"Litie macho nilione."

"Bado, bwana wangu. Shujaa kwanza."

Sultani akampa dhahabu. Kamrani akasema, "Shujaa kwanza." Akamtia gerezani. Kamrani akasema, "Shujaa kwanza." Akaamuru akatwe mkono wa kulia. Kamrani, damu ikimtoka, akasema, "Shujaa kwanza."

"Basi nitalitia mwenyewe," Sultani akasema. Fundi akaburutwa karakanani aje kutazama. Sultani akachovya brashi katika wino, akatia nukta mbili.

Zimwi likapepesa macho. Likamtazama Sultani kama mwenye njaa anavyotazama sahani. Brashi ikaanguka sakafuni, na aliyeishika hakuonekana tena.

Kamrani akainamia kitabu. Penye lile pengo jeupe alisimama Sultani, mdogo kama kidole, mikono mitupu.

"Fundi," sauti ikatoka ukurasani, "nichoree upanga. Upesi, linakuja."

Kamrani akainua kigutu chake, akamwonyesha. Kisha, kwa mkono uliobaki, akafunga kitabu.