Tonge la Mwenyeji

Waliotutangulia katika kheri wametuhadithia kwamba usiku mmoja, katika mji wa Rahba uliokuwa kwenye njia ya misafara, ilisikika sauti moja tu: ko! Kata ya mti ya kuchotea maji iligonga mdomo wa mtungi.

Tuhfa binti Mundhir aliisikia akiwa macho. Alikuwa amerudi kwa baba yake kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyokuwa ada ya watu wale, na mtoto tumboni alikuwa hamwachi alale. Akasikia maji yakimezwa kwa pupa, kisha nyayo zikienda uani, kisha zikirudi. Haukupita muda, tena: ko! Ilikuwa mara ya tano usiku ule. Sauti ile aliijua. Alipokuwa mtoto, babu yake aliugonga mtungi uleule usiku kucha, hata macho yakaingia giza, hata mguu ukaoza, hata wakamzika.

Sasa mwenye kiu alikuwa baba.

Sheikh Mundhir, Mola amrehemu, alikuwa mtu ambaye mlango wake haukujua komeo. Na nyumba yake ilikuwa na desturi iliyorithiwa: mgeni haachwi ale peke yake. Mwenyeji hutangulia kutia tonge kinywani, kisha hula tonge kwa tonge na mgeni wake, na haondoi mkono siniani kabla ya mgeni, asije akamtia haya. Msafara uliposhuka, masinia yalitoka asubuhi, adhuhuri na baada ya isha: mkate wa ngano uliolowa samli, tende, na asali ya tende iliyomiminwa juu mpaka ikafurika. Sheikh alikaa kwenye kila sinia. Aliihesabu hiyo kuwa ibada, na hakuna aliyemkosoa.

Ila mmoja. Mdogo wake, aliyekuwa amesomea utabibu katika mji wa mbali, alisema siku ya tatu ya msiba wa baba yao, watu wakisikia: "Kaka, baba hakurogwa wala hakuhusudiwa. Sinia hizi ndizo zilizomla. Siku utakapoona kiu haikatiki, na sisimizi wanafuata mkojo wako, jua zamu imekufikia."

Sheikh aliona kuwa marehemu ametukanwa, na ukarimu wake pamoja naye. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba jina la ndugu huyo halitatoka tena kinywani mwake. Ikapita miaka kumi na miwili. Pale nyumbani tabibu aliitwa "yule", na hata hilo lilisemwa kwa sauti ya chini.

Kulipopambazuka, Tuhfa alitoka uani. Chini ya ukuta, mstari mweusi ulikuwa ukienda mbio, sisimizi juu ya sisimizi, hadi palepale baba yake alipokuwa akichutama usiku.  Hofu ilimwingia, naam, lakini kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimpandia kifuani kama maji yanayochemka. Ikiwa yule alisema kweli juu ya sisimizi, basi huenda anajua na la kufanya! Akakimbia, kwa uzito wake wote, mpaka barazani.

"Baba! Njoo uone! Sisimizi!"

"Nao ni wageni, mwanangu. Waache wale."

"Wale nini, baba? Pale hapakumwagika asali."

Sheikh alikuwa akijifunga kitambaa kwenye unyayo. Akauficha mguu chini ya kanzu, upesi mno.

"Na huo mguu?"

"Mwiba tu. Wala hauumi."

"Wa babu nao haukuuma."

Sheikh alitazama kando. "Usimwambie mtu, Tuhfa. Msafara unashuka Alhamisi ijayo. Wakijua mimi mgonjwa, nani atakula kwangu kwa raha?"

"Na mwanangu je? Nani atamwadhinia sikioni? Nani atamwona uso wake?"

Neno hilo lilimfika. Tangu mwezi uliopita herufi za msahafu zilikuwa zikimchanganyikia, naye alikuwa akisoma yale aliyoyahifadhi na kujifanya anaona.

"Niruhusu nimwite ami," Tuhfa akasema.

"Nimeapa."

"Umeapa kutotaja jina. Hukuapa kumfungia mtu mlango. Na lini katika nyumba hii mgeni ameulizwa jina?"

Sheikh nusura acheke. "Ulimi huu umeutoa kwa bibi yako, Mungu amrehemu. Haya. Mlango u wazi kwa kila ajaye."

Saa ileile Tuhfa alipeleka salamu kwa wenye ngamia, wamfikishie ami yake. Kisha akasubiri. Kila usiku alisikia ile ko!, na kila aliposikia aliinuka, akatawadha, akaomba. Usiku wa saba alilia, lakini hakukata tamaa.

Alhamisi msafara ukashuka. Wageni wakaingia wakipiga kelele za furaha, wakaketi, na sinia kubwa ikatuliwa, mvuke ukipaa. Mtu mmoja mwenye ndevu za mvi alikaa kuliani kwa Sheikh bila kusema zaidi ya salamu. Sheikh hakumtambua kwa macho, yalikuwa hayamtambulii mtu tena. Akasema bismillahi, akakata kipande, akakichovya kwenye asali ya tende, akakinyanyua.

"Mwenyeji," mgeni akasema, "hilo tonge lirudishe."



"Ajabu!" akasema mmoja wa wageni. "Mgeni anamfunga mwenyeji mdomo nyumbani kwake?"

Mkono wa Sheikh ulibaki hewani, asali ikimtiririka hadi kiwiko. Sauti ile aliijua kama alivyojua sauti ya baba yake. Angeweza kula, heshima ya nyumba ibaki pale ilipokuwa vizazi vitatu. Angeweza pia kusema kweli. Nyuma ya pazia Tuhfa alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, akihema, midomo ikimcheza kwa dua.

Sheikh akalirudisha tonge.

"Wageni wangu," akasema, "mimi ni mgonjwa. Nimeficha kiu tangu mwaka jana, nimeficha macho, nimeficha na mguu. Ugonjwa uliomuua baba yangu ndio huu. Kuanzia leo nitakaa nanyi, nitawahudumia, ila sitakula nanyi tonge kwa tonge. Mkiona nimewavunjia heshima, nisameheni."

 Mara mzee Dahmani, kiongozi wa ngamia, akalipiga paja lake kofi.

"Wallahi, Sheikh, na mimi niseme kweli! Miaka ishirini nakula hapa mpaka siwezi kuinama kufunga viatu. Nikitaka kuacha, nakuona bado unakula. Nikasema nikiondoa mkono nitakuudhi!"

"Nami nilikuwa nikila kwa sababu wewe bado unakula!" Sheikh akasema.

"Subhanallah! Basi tumekuwa tukiuana kwa adabu!"

Baraza likalipuka kwa kicheko. Wazee walicheka hadi wakajifuta machozi, na Tuhfa, nyuma ya pazia, alicheka na kulia kwa pamoja.

Walipotulia, yule mwenye mvi akamwambia Sheikh, polepole: "Siwezi kukuahidi kwamba utapona. Huu ni ugonjwa wa kufugwa, si wa kufukuzwa. Mguu tutauosha na kuulinda kila siku. Kula mkate wa shayiri, dengu, mboga na samaki, tende moja mahali pa kumi, na utembee kwa miguu hadi msikitini. Kiu itapungua, inshallah, na macho huenda yakakaa pale yalipo."

"Na huyu niliyembeba?" Tuhfa akauliza kutoka nyuma ya pazia. "Je, naye ameandikiwa?"

"Damu yetu ina udhaifu huo, binti yangu, sitakuficha. Lakini ulinzi wake unaanza na unachokula wewe leo. Kisha utakachomzoeza utotoni, kisha atakachochagua ujanani. Hata mzee kama baba yako hajachelewa kupunguza. Kadari ni ya Mungu. Kijiko tumepewa sisi."

Sheikh alikuwa ameinamisha kichwa. Alikumbuka walivyofundisha wanazuoni: aliyeapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alitende lililo bora, atoe kafara. Akaita: "Tuhfa! Waalike maskini kumi adhuhuri hii. Wapikie shayiri na dengu, uwashibishe. Ni kafara ya yamini yangu."

Walimu wetu, walipofika hapa, walikuwa wakiongeza la kwao. Walisema kwamba mwili ni amana, na amana huharibika hata mikononi mwa mwenye nia njema, akikataa kuambiwa. Ukarimu wa Sheikh Mundhir haukupungua siku ile hata kwa sinia moja. Tunamwomba Mola atujaalie masikio ya kusikia mapema, na ulimi wa kukiri kabla giza halijaingia.

Kisha walimalizia. Sheikh alinyoosha mkono uliokuwa bado na asali, akaupapasa uso wa mgeni wa kuliani, paji, ndevu, kovu la utotoni chini ya jicho, na mbele ya wote akasema:

"Nuumani."